Maziwa ya jioni na tango: Kachumbari ya Wagiriki katika majiko ya Gusii

Jioni moja ya Aprili yenye mvua nyingi, nilimkuta mama mdogo wangu huko Borabu, kaunti ya Nyamira, akiwamwagia mbwa maziwa. Hayakuwa mabaki ya kikombe. Yalikuwa lita nne au tano za ng'ombe wake wawili, yaliyokamwa jioni iliyotangulia, yakaganda kabla ya kupata mnunuzi kwa sababu mwendesha bodaboda anayeyabeba hadi sokoni alikuwa amekwama kwenye tope. Watu wa nyumba hiyo walikuwa wamekunywa maziwa lala siku tatu mfululizo na wamechoka nayo.

Nilinyamaza. Juma moja kabla ya hapo, katika duka kubwa jijini Nairobi, nilikuwa nimelipia kikopo cha yogati nzito ya "Kigiriki", kisichojaa kiganja, fedha ambazo zingenunua lita kadhaa za maziwa yale yale. Makala haya yametokana na ukimya huo.

Kila mfugaji wa Kisii na Nyamira anajua kwamba maziwa ya asubuhi yana wenyewe. Kuna jirani, kuna hoteli ya sokoni, kuna mchuuzi wa mitungi anayepita alfajiri. Maziwa ya jioni hayana mwenyewe ila chai na watoto. Kati ya Machi na Mei, nepia inapostawi na ng'ombe kuongeza maziwa, bei hushuka na barabara huharibika kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hasara huingia kwa mlango wa nyuma.

Kuna chakula kimoja cha Wagiriki, kiitwacho tzatziki, ambacho huhitaji vitu viwili hasa: maziwa yaliyoganda na matango. Ni rojo jeupe, zito na baridi, lenye chumvi na harufu ya kitunguu saumu, ambalo huchovywa mkate au huwekwa kando ya nyama ya kuchoma. Moto unaohitajika ni ule wa kuchemshia maziwa tu. Nitakiita kachumbari ya maziwa, kwa kuwa ulimi wa msomaji wa Keroka haukuumbwa kwa ajili ya "tz" mbili katika neno moja, na wangu pia.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba yogati ya Kigiriki haitokani na ng'ombe wa aina yake wala dawa ya kiwandani. Ni yogati ya kawaida iliyochujwa. Huko Ugiriki kwenyewe huitwa kwa neno lenye maana hiyo hiyo, yaani "iliyochujwa", basi. Yogati hutiwa kitambaani, maji yake yenye rangi ya manjano iliyofifia yakatiririka, na kinachobaki huwa kizito hata kijiko husimama ndani yake.

Hata hivyo, jina hilo lina thamani ya fedha. Kampuni ya FAGE ya Ugiriki iliishtaki Chobani ya Marekani nchini Uingereza, na Januari 2014 Mahakama ya Rufaa ya huko ikashikilia kwamba yogati inayouzwa nchini humo kwa jina la Kigiriki sharti iwe imetengenezwa Ugiriki. Mama mdogo alipoelezwa kisa hiki aliuliza kama kuna mtu anayeweza kumshtaki mwenzake kwa kuchuja maziwa. Nilimwambia kilichoshtakiwa ni maandishi ya kikopo, si kitambaa.

Kwa msomaji wa kawaida, la muhimu ni lishe. Gramu 100 za yogati ya kawaida huwa na protini gramu tatu na nusu hivi. Iliyochujwa sawasawa hufikia tisa au kumi. Sehemu ya sukari ya maziwa, yaani laktosi, huondoka pamoja na maji, na nyingine huwa imekwisha kuliwa na bakteria. Ndiyo sababu wazee wengi ambao tumbo huwajaa gesi wanywapo maziwa mabichi au chai nzito ya maziwa hula yogati hii bila taabu. Lakini sehemu ya madini ya kalsiamu pia huondoka na maji hayo, jambo ambalo matangazo ya biashara hayana haraka ya kulitaja.

Kuchanganya maziwa ya kuganda na tango si siri ya Wagiriki peke yao. Waturuki wana chakula kama hicho kiitwacho cacik, na wataalamu wa lugha husema jina la Kigiriki lilitokana na hilo. Wahindi wana raita. Msomaji aliyewahi kula biriani Mombasa huenda aliletewa kibakuli cha maziwa ya mgando yenye vipande vya tango kando ya sahani, ili kutuliza pilipili, wala hakuuliza kimetoka wapi. Tofauti ni uzito: raita humiminika, ilhali kachumbari ya Wagiriki hukaa juu ya kijiko.

KIBUYU CHA NYANYA

Abagusii walikuwa watu wa ng'ombe wengi kabla ya chai na kahawa kufika katika vilima vyao. Vijana waliishi katika ebisarate, kambi za kulinda mifugo, hadi utawala wa Waingereza ulipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Malisho yalipungua, mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena, na leo familia nyingi hufuga ng'ombe mmoja au wawili bandani, wakikatiwa nyasi na kuletewa. Borabu, iliyokuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawiwa wananchi wakati wa uhuru, ndiko bado kuna nafasi kidogo.

Kilichobaki kutoka enzi hizo ni amabere amaruranu, maziwa ya kuganda yanayoliwa na obokima bwa wimbi. Nyanya yangu alikuwa na kibuyu chake ambacho watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Alichemsha maziwa, akayapoza, akayatia humo juu ya mabaki ya juzi, akafunika. Baada ya siku mbili au tatu alikiinamisha kibuyu polepole, maji mepesi yakatoka na yale mazito yakabaki, kisha akaongeza maziwa mengine. Alikuwa anachuja. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo lilikuwa jambo la Kigiriki.

Mwaka 2014 watafiti wa Kenya walichapisha katika jarida la Food Science & Nutrition uchunguzi kuhusu vijidudu vinavyogandisha amabere amaruranu. Miongoni mwa bakteria waliowapata kwa wingi ni Streptococcus thermophilus. Huyu si mgeni. Ni mmoja wa wale wawili wanaotengeneza yogati kote duniani, mwenzake akiwa Lactobacillus bulgaricus, ambaye Mbulgaria Stamen Grigorov alimtambua mwaka 1905. Kwa maneno mengine, nusu ya jeshi linalotengeneza yogati ya Athens limekuwa likiishi katika vibuyu vya Gusii.

Lakini uchunguzi huo huo ulipata pia aina kadhaa za chachu, ikiwemo Candida albicans, ambayo inaweza kumletea mtu maradhi hasa akiwa na kinga dhaifu. Kibuyu hupokea chochote kinachopita. Kwa sababu hiyo, pamoja na heshima zote kwa nyanya, njia nitakayoieleza hapa hutumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu na mbegu inayojulikana.

KUCHEMSHA SI HIARI

Kuna imani kwamba maziwa yakishaganda yamejisafisha yenyewe, kwa kuwa uchachu huua vijidudu. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki imewalaza watu hospitalini. Bakteria wa ugonjwa wa brusela, ambao humpa mtu homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, huweza kustahimili katika maziwa mabichi yaliyoganda. Vivyo hivyo wale wa kifua kikuu cha ng'ombe. Mgonjwa wa brusela mara nyingi hutibiwa malaria au taifodi kwa majuma kadhaa kabla ya mtu kukumbuka kuuliza juu ya maziwa. Hili sitalizunguka: maziwa ambayo hayajachemshwa yasiingie katika chakula hiki.

Kuchemsha kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Maziwa yana protini za aina mbili kuu. Moja, kaseini, ndiyo inayoganda uchachu unapozidi. Nyingine huwa imeyeyuka katika maji ya maziwa na ingechujwa yote ikapotea. Joto la digrii 85 na zaidi huifungua hii ya pili ikashikamana na kaseini, na kwa hiyo yogati huwa nzito zaidi na haitengani upesi. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko yakifikia digrii 94 tu badala ya 100. Hilo lisikutie wasiwasi, kwani 94 zinatosha. Yaache maziwa yatokote kwa moto mdogo dakika kumi huku ukikoroga ili yasishike chini. Yakishika, harufu ya kuungua itabaki hadi mwisho, na hakuna kitunguu saumu kitakachoificha.

Kwa familia ya watu sita, lita mbili zinatosha. Lita mbili hutoa karibu kilo mbili za yogati, na baada ya kuchujwa hubaki kilo moja au pungufu kidogo. Maziwa ya pakiti pia yanafaa, hata yale ya kudumu muda mrefu bila jokofu, ila wakazi wa huku hawana sababu ya kuyatafuta.

Baada ya kuchemsha, poza. Hapa ndipo niliposhindwa mara yangu ya kwanza. Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, nikatia mbegu maziwa yakiwa bado yanatoa mvuke, nikawaua bakteria wote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi nilipata maziwa yale yale, ila yamepoa. Bakteria wa yogati hupenda joto la digrii 42 hadi 45. Asiye na kipimajoto na aoshe mkono vizuri, achovye kidole kidogo na ahesabu hadi kumi. Ukikitoa kabla ya kumi kwa kuungua, subiri. Ukifika kumi ukihisi joto la kupendeza, ni wakati. Ukihisi vuguvugu tu, rudisha sufuria motoni kidogo.

Mbegu ni yogati hai isiyo na sukari, vanila, rangi wala tunda. Soma kibandiko, kwa maana rafu za maduka yetu zimejaa yogati tamu za stroberi, nazo hazifai kwa chakula cha chumvi. Vijiko viwili vya mezani hutosha lita moja. Vikoroge kwanza katika kikombe cha yale maziwa ya moto hadi madonge yaishe, kisha mimina vyote sufuriani. Ukishafaulu mara moja, weka vijiko vichache vya yogati yako kabla ya kuichuja, ili viwe mbegu ya juma linalofuata. Baada ya mizunguko minne au mitano mbegu hudhoofika au huingiliwa na vijidudu vingine, na ni vyema kununua mpya.

Je, maziwa lala ya dukani yaweza kuwa mbegu? Yaweza, ila yatazaa maziwa lala. Bakteria wake hufanya kazi katika joto la kawaida la chumba, huchukua karibu siku nzima na hutoa donge laini zaidi. Yakichujwa huwa matamu, na mimi binafsi nimeyala na kuyapenda. Ila yasiitwe yogati.

Sasa sufuria ifunikwe na ihifadhiwe joto kwa saa sita hadi nane. Usiku wa Nyansiongo au wa vilima vya Manga una baridi, kwa hiyo blanketi moja halitoshi. Thamosi kubwa ya chai, iliyosuuzwa kwa maji moto, hufanya kazi hii vizuri kuliko kifaa chochote ninachokijua. Kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu ya migomba hufaa pia. Usiitikise wala kuichungulia kila saa. Ukitia saa mbili za usiku, ifikapo alfajiri utakuta donge moja linaloteleza kwa pamoja ukiinamisha chombo.

Na isipoganda? Kwanza shuku joto. Pili shuku mbegu. Tatu, ikiwa vyote viwili vilikuwa sawa, washuku wenye ng'ombe. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki, kwa mfano kwa ugonjwa wa kiwele, hutoa dawa hiyo katika maziwa kwa siku kadhaa, na kuchemsha hakuimalizi. Dawa hiyo huwaua bakteria wa yogati kama ilivyokusudiwa kuwaua wale wa kiwele. Vilevile maziwa yaliyotiwa kemikali na mchuuzi ili yasiharibike njiani hukataa kuganda. Daktari wa mifugo humweleza mfugaji idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuuza, na si kila mfugaji mwenye karo ya kulipa husubiri. Thamosi ya yogati, basi, hufichua mambo ambayo macho na pua havioni. Nimeshuhudia jirani wawili wakikosana kwa sababu ya jagi moja la maziwa yaliyokataa kuganda, na aliyekuwa akiyauza hakuwa na la kusema.

KITAMBAA, TANGO NA CHUMVI

Kuchuja hakuhitaji kifaa. Kitambaa cheupe cha pamba, au kipande cha kanga kuukuu kisichochuja rangi, kichemshwe, kikamuliwe na kitandazwe juu ya chujio lililowekwa juu ya bakuli. Mimina yogati iliyokwisha kupoa, kunja pembe za kitambaa, acha mahali pa baridi kwa saa tatu au nne. Mwenye jokofu aweke humo usiku kucha apate nzito zaidi. Usikamue kwa mikono kama unayekamua tui, kwani yogati itapenya nyuzi na utabaki na kitambaa kilichopakwa. Uzito wake wenyewe unatosha.

Wakati inachuja, shughulikia tango. Matango hupatikana mwaka mzima katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii na katika masoko mengine ya eneo hili. Chagua gumu, jembamba, la kijani kilichokolea. Lililonenepa na kuanza kuwa manjano lina mbegu kubwa na maji mengi. Onja kipande cha upande wa kikonyo kwanza, kwa sababu tango lililokua katika ukame wakati mwingine huwa chungu, na uchungu huo hauondoki kwa kuoshwa. Kwa kuwa litaliwa bichi, lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kisima cha jirani si ushahidi wa usafi, hata kama ni jirani mwema.

Asilimia 95 hivi ya tango ni maji. Huu ndio ukweli unaowashinda wengi wanaojaribu chakula hiki: huandaa rojo zito la kupendeza, na baada ya nusu saa hukuta supu. Dawa yake ni chumvi. Pasua tango kwa urefu, komba mbegu kwa kijiko, likwaruze kwa kikwaruzo cha matundu makubwa, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi na uache dakika ishirini. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya tango. Kisha likamue kwa viganja hadi lisitoe tone. Tango la gramu 300 litabaki kama konzi moja. Usishtuke, na usiongeze jingine.

Vipimo vyangu, nilivyovifikia baada ya kuwalisha wenzangu wa chumba cha habari majaribio mengi ya hovyo, ni hivi: vikombe viwili vya yogati iliyochujwa, tango moja kubwa lililokamuliwa, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi kidogo hadi ikawa ugiligili, kijiko kimoja cha mezani cha siki au maji ya ndimu, na vijiko viwili vya mafuta. Wagiriki hutumia mafuta ya zeituni. Hayo ni ghali huku, na mafuta ya alizeti au ya parachichi yanakidhi haja. Majani hukatwakatwa mwisho: Wagiriki hutia shibiti au mnanaa. Mnanaa huota kando ya mifereji ya nyumba nyingi, na dania ikitiwa kwa kiasi haimkasirishi mtu. Changanya kwa kijiko, si kwa mashine, kwa kuwa mashine huivunja yogati ikawa nyepesi tena. Acha saa moja mahali pa baridi kabla ya kuandaa, ndipo vionjo vishikane.

Kuhusu kitunguu saumu nina msimamo. Punje moja inatosha. Ukali wake huongezeka kadiri kinavyokaa, na kile kinachoonekana pungufu saa sita mchana huwa kimezidi ifikapo jioni. Nilitia punje nne siku moja kabla ya mkutano wa wahariri, na viti vya kando yangu vilibaki vitupu.

Kwa chakula gani? Nyama ya mbuzi ya kuchoma ndiyo mwenzake wa asili. Lakini nimeona kwamba huenda vizuri zaidi na vile ambavyo Mgiriki hajavifikiria: kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi mbichi ya kuchoma, chapati ya jana iliyopashwa moto. Viazi vitamu hasa, kwa kuwa utamu wake hukutana na uchachu bila kugombana. Pamoja na chinsaga sijashawishika. Mboga hiyo imezoea kupikwa kwa maziwa na ina uchungu wake unaojitosheleza, na kuiongezea kitunguu saumu kibichi ni kuipigia kelele.

Kachumbari hii hukaa siku mbili au tatu katika jokofu. Nyumba isiyo na jokofu iandae ya kuliwa siku hiyo hiyo, ikihifadhiwa katika chungu au bakuli lililowekwa ndani ya beseni la maji baridi. Yogati iliyochujwa, ikiwa haijatiwa tango, hustahimili zaidi, kwa hiyo yafaa kuchanganya kidogo kidogo. Ikitoa harufu ya pombe au ikaota ukungu, itupwe yote. Kukwangua sehemu ya juu hakusaidii.

Nani atainunua, ikiwa mtu ataka kuuza? Hapa tahadhari inahitajika. Kuuza bidhaa za maziwa kunahitaji kibali, na Bodi ya Maziwa nchini pamoja na maafisa wa afya ya umma wa kaunti ndio wa kuulizwa kabla ya kikopo cha kwanza kutoka nyumbani. Isitoshe, tangu soko la maziwa lilipofunguliwa mwaka 1992 na shirika la KCC kupoteza ukiritimba wake, wengi wameingia katika biashara hii wakidhani maziwa ni maji meupe tu. Kwa sasa nazungumzia sufuria ya nyumbani na maziwa ambayo yangemwagwa.

Yamebaki maji yaliyochujwa. Kwa lita mbili za maziwa utapata karibu lita moja yake, machachu, yenye laktosi, madini na protini kidogo. Wenye viwanda vikubwa vya yogati huko Marekani hupata maji haya kwa wingi kiasi kwamba hulazimika kuyasafirisha hadi mashambani, kwani yakiingia mtoni bakteria huyashambulia, hewa ya oksijeni ikapungua na samaki wakafa. Nyumbani hayafiki huko. Kanda chapati kwa maji hayo badala ya maji ya kawaida, nazo zitakuwa laini. Pika nayo uji wa wimbi, utapata uchachu ambao kwa kawaida hungojewa siku mbili. Loweka nyama ngumu ndani yake kabla ya kuichoma.

Nilimwandikia mama mdogo maelezo haya yote katika karatasi moja, pande mbili. Jaribio lake la kwanza halikuganda vizuri kwa sababu mjukuu alifungua thamosi mara tatu kuangalia. La pili liliganda. Alinipigia simu Jumapili baada ya ibada kunieleza kwamba ameiandaa na viazi vitamu, kwamba kitunguu saumu hakukitia kwa sababu ya mgeni wa kanisa, na kwamba kuku wake, tangu aanze kuwachanganyia pumba na yale maji, humfuata hadi mlangoni kila aonekanapo na bakuli. Kisha akauliza kama ile kanga ya kuchujia inaweza kufuliwa kwa sabuni ya kawaida. Nilimwambia ifuliwe, isuuzwe mara nyingi hadi harufu ya sabuni iishe, na ichemshwe tena kabla ya kutumiwa.